Nimekuta senti 31 za ngano kwenye pakiti moja ya senti 50. Zimetoka wapi?

#1 Boksi_la_Ohio

Wakuu, heri ya Jumapili.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba huu. Tangu kipindi cha korona nina kaugonjwa kadogo: naenda benki nanunua boksi la senti moja moja. Boksi ni dola 25, ndani pakiti 50, kila pakiti senti 50, jumla 2,500. Nikitoka zamu ya usiku nakaa na chai nazipekua. Ninachotafuta ni zile za zamani zenye masuke mawili ya ngano nyuma, zilizotengenezwa 1909 hadi 1958. Zisizo na ngano nazirudisha benki nyingine. Hasara ni mafuta ya gari na macho tu.

Kawaida boksi zima linanipa tano, kumi, likinipenda kumi na mbili. Yapo yaliyonipa sifuri. Jana nafungua pakiti ya 17: ngano, ngano, ngano. Nimehesabu mara tatu. Thelathini na moja kati ya hamsini! Pakiti ya 16 ilikuwa na moja. Ya 18 haikuwa na kitu. Zote zilizobaki nimeambulia mbili.

Nyingi ni za miaka ya 40 na 50. Ya zamani kuliko zote ni 1919. Ipo ya 1943 ina rangi ya fedha kabisa. Na nyingine zina herufi S chini ya mwaka, nadhani S ni silver, kwa hiyo huenda nina fedha ndani bila kujua.

Swali langu: zinawezaje kukaa pamoja hivi? Kuna mtu ameshakutana na kitu kama hiki?

#2 Kidomodomo

Wenzako wanabeba maboksi, wewe unabeba boksi la senti. Nyumbani wanajua?

#3 MzeeWaSumni

Salaam. Tuanze na S, maana uzi ukiachwa hivi kuna mtu atauza gari. S ni San Francisco. D ni Denver. Isiyo na herufi imetoka Philadelphia. Fedha hakuna hata chembe. Senti ya ngano ni shaba nyekundu asilimia 95, kilichobaki ni bati na zinki, uzito gramu 3.11. Hiyo yako ya 1943 ni chuma kilichopakwa zinki. Mwaka ule wa vita shaba ilihitajika kwenye risasi na nyaya, basi senti wakaitengeneza kwa chuma, gramu 2.7. Chukua sumaku ya mlango wa friji uisogeze, itaruka yenyewe. Watu wa wakati ule waliichukia, walikuwa wanaichanganya na senti kumi, na ikilowa inaota kutu.

Zilikotoka sioni fumbo. Kuna mzee amefariki. Alikuwa na chupa yake kabatini tangu enzi za Rais Eisenhower, miaka ya 50, watoto wamekuja kusafisha nyumba, hawana muda, wamemimina zote benki. Mimi niko Minnesota tangu 1996, vitu vyangu vyote vizuri nimevipata kutoka kwa marehemu nisiowajua. Mungu awarehemu.

#4 BintiMakunduchi

Mzee wa Sumni, hapo mwisho umenifanya niache kula.

#5 Mhasibu_Mstaafu

Naona dosari kwenye maelezo ya #3. Benki hawafungi pakiti kwa mikono. Senti za wateja zinakwenda kwenye kampuni ya kuhesabu fedha, zinamwagwa kwenye mashine kubwa pamoja na za supamaketi na za kila mtu, ndipo zinafungwa. Chupa ya marehemu ingetawanyika kwenye maboksi hata kumi. Thelathini na moja kukaa pakiti moja maana yake pakiti ilifungwa nyumbani kwa mkono na ikarudishwa kaunta vilevile. Boksi, angalia karatasi. Kingo zimekunjwa na mashine au na vidole?

#6 Boksi_la_Ohio

Mhasibu, zote zimekunjwa na mashine. Hata hiyo ya 17.

Mzee, shikamoo. Sumaku imenasa. Ndoto ya fedha imekwisha saa nne asubuhi.

#7 Kidomodomo

RIP silver.

#8 Fundi_Mashine_Dom

Mhasibu, wewe hujawahi kupanga foleni mashine ya kusaga. Mahindi ya watu ishirini yanapita kwenye mdomo mmoja, ni kweli, lakini hayachanganyiki kama uji. Mama aliyekutangulia akisaga mtama, wewe kilo zako mbili za kwanza za sembe zinatoka na madoa, baada ya hapo nyeupe tupu. Sarafu nazo zinashuka kwa foleni. Chupa ya mtu mmoja ikimwagwa juu ya lundo, inashuka pamoja na inafungwa pamoja. Ile ngano moja ya pakiti ya 16 ndiyo madoa yenyewe. Mzee wa Sumni yuko sahihi.

#9 Mhasibu_Mstaafu

Basi pakiti ya 18 nayo ingekuwa na madoa. Mbona haina hata moja?

#10 Fundi_Mashine_Dom

Nani kakwambia boksi lilipangwa kwa mfuatano? Hiyo namba 17 ni ya Boksi, kaihesabu mwenyewe mezani kwake.

#11 Kipepeo_Mweusi

Wote mnaongea marehemu. Mimi nasema mwizi, au mtoto. Nawapa kisa.

Marehemu baba alikuwa fundi reli Tanga. Alikuwa na mkebe wa maziwa umejaa senti za tundu za mkoloni, zile zenye pembe za ndovu pembeni ya tundu. Hakuwa mkusanyaji, alizikuta tu zimebaki baada ya shilingi yetu kuingia 1966, akaona aibu kuzitupa. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunazitoa moja moja kuwekea kwenye misumari ya bati na bolti za baiskeli, zinakaa kama washa iliyonunuliwa dukani. Siku aliyofungua mkebe akakuta zimebaki kama ishirini, tulichapwa kwa awamu. Hadi leo ukipanda juu ya banda la kuku kule nyumbani utamwona Mfalme George amekalia msumari.

Kwa hiyo Boksi, kuna mtoto Ohio amefungua albamu ya baba yake akaenda kununua pipi.

#12 Ngano_Hanang

Samahani kwa kuingilia. Nimekulia Basotu kwenye mashamba ya ngano, nimeangalia hizo picha za nyuma ya sarafu. Ngano ile imesimama vizuri lakini imekaa kimpangompango sana. Shambani ngano ya namna ile hakuna, ndege wangeshaimaliza.

#13 MzeeWaSumni

Ngano wa Hanang, aliyechora ni Victor David Brenner, mhamiaji kutoka Lithuania. Ilitolewa Agosti 1909, mwaka wa miaka 100 tangu Lincoln azaliwe. Aliweka herufi za jina lake, V.D.B., chini kabisa upande wa ngano, watu wakapiga kelele kwamba anajitangaza kwenye hela ya serikali, herufi zikaondolewa ndani ya siku chache. Zikarudi 1918, safari hii ndogo kabisa, ukingoni mwa bega la Lincoln. Matokeo yake, senti ya 1909 yenye S na V.D.B. zilitoka 484,000 tu. Hiyo ndiyo senti ambayo kila mwenye folda la bluu, lile lenye matundu ya kupangia sarafu, anaiota. Tundu lake kwenye folda langu liko wazi mwaka wa 28 sasa.

Kisa cha #11 kizuri, lakini kinanipa shaka. Albamu ya mkusanyaji isingekuwa na 31 za kawaida zinazojirudia. Boksi, hebu tutajie miaka.

#14 Boksi_la_Ohio

1919 moja. 1940 mbili, 1941 mbili, 1942 tatu, 1943 moja ya chuma, 1944 nne, 1945 tatu, 1946 mbili, 1950 moja, 1951 mbili zenye D, 1952 mbili, 1953 moja, 1955 moja, 1956 mbili zenye D, 1957 tatu zenye D, 1958 moja.

Hiyo ya 1955 nimeitazama kwa lenzi nusu saa. Maandishi hayajajirudia.

#15 Kidomodomo

Kujirudia ndiyo nini?

#16 MzeeWaSumni

Mwaka 1955 kule Philadelphia muhuri mmoja wa kugongea ulitengenezwa vibaya, tarehe na maneno yakatokea mara mbili, yamepishana kiasi cha kuonekana kwa jicho tupu. Zilizoingia mtaani ni kama 20,000 na kitu. Ukiipata hutahitaji lenzi, utadhani umelewa.

Orodha yako sasa inanibadilisha kidogo. Haina hata moja ya miaka ya 30, na ya miaka ya 20 na kabla ni hiyo 1919 tu. Chupa ya mzee aliyeweka bila kuchagua ingekuwa nazo. Hii inanuka kama kuna mwenzetu alishapita.

#17 Dada_wa_Lowell

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri mfike. Mimi nafanya kazi hiyohiyo ya Boksi, niko Massachusetts. Sisi wapekuaji tunabakiza zile tunazozihitaji, zinazojirudia tunazirudisha. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilichoka na ngano za miaka ya 50, nilikuwa na mtungi mzima, sokoni hazifiki hata senti kumi moja, nikazirudisha benki zote kwa mkupuo. Boksi, pakiti yako ya 17 ni makombo ya mwenzio.

#18 Boksi_la_Ohio

Makombo! Nilikuwa na furaha tangu jana jamani.

#19 Fundi_Mashine_Dom

Dada, mpekuaji gani anatupa ya chuma ya 1943? Hata mimi nisiyejua kitu ningeibakiza kwa rangi yake.

#20 Dada_wa_Lowell

Mwenye hamsini. Za chuma zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja. Nyumbani ninazo nimezijaza kwenye chupa ya karanga.

#21 Mhasibu_Mstaafu

Kitu rahisi kimesahaulika. Pakiti ina senti 50. Ngano ni 31. Zile 19 nyingine ni za miaka gani? Kama zote ni za kabla ya 1982, ni chupa ya zamani iliyofungwa siku moja na haikuguswa. Kama zina za miaka ya juzi, ni mpekuaji au mashine. Hilo litamaliza ubishi.

#22 Boksi_la_Ohio

Mhasibu... nilishazitupia kwenye ndoo ya kurudisha. Zimechanganyika na 2,400 nyingine.

#23 Kidomodomo

😂😂😂 Askari amefua shati lenye damu.

#24 Kipepeo_Mweusi

Kidomo utatuua.

#25 Boksi_la_Ohio

Ninachokumbuka, nyingi zilikuwa za kahawia iliyokolea, siyo zile nyekundu za kung'aa. Ila kuna moja ilikuwa na ngao nyuma, hiyo naikumbuka kwa sababu ilinivunja moyo katikati ya raha.

#26 Mhasibu_Mstaafu

Yenye ngao ni ya kuanzia 2010. Basi chupa haikufungwa zamani.

#27 Fundi_Mashine_Dom

Au ni doa la sembe ya mwingine.

#28 Mchumi_wa_Mtaa

Mnasahau habari kubwa. Marekani imepiga marufuku senti moja. Watu wameona zitakuwa karatasi tupu, kila mtu amekimbiza mtungi wake benki. Ndiyo maana zimefurika.

#29 MzeeWaSumni

Marufuku hakuna, kaka. Kilichofanyika ni kuacha kutengeneza za mtaani. Ya mwisho iligongwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025, sababu ni kwamba senti moja ilikuwa inagharimu senti 3.69 kuitengeneza. Zilizopo bado ni hela halali. Ila hoja yako ya watu kumwaga mitungi nakupa nusu. Benki niliyozoea ilikuwa inanipa boksi bila maswali, sasa naambiwa hakuna, na wiki nyingine wanapewa wenye biashara kwanza.

#30 Mchumi_wa_Mtaa

Asante kwa marekebisho. Sasa nifanye hesabu yangu. Senti za kabla ya katikati ya 1982 ni shaba asilimia 95, baada ya hapo ni zinki yenye koti la shaba, gramu 2.5. Kwa bei ya shaba ya siku hizi, ya zamani moja ina shaba inayozidi thamani yake mara mbili, hata tatu. Kwa nini tunahangaika na ngano? Nunua tani, yeyusha.

#31 Dada_wa_Lowell

Yeyusha uende ndani. Hazina ya Marekani ilikataza kuyeyusha senti moja na senti tano tangu Desemba 2006. Kifungo hadi miaka mitano, au faini hadi dola 10,000.

#32 Mchumi_wa_Mtaa

Basi nitumiwe huku Gongo la Mboto, sisi tunayeyusha.

#33 MzeeWaSumni

Kuzitoa nje nako kuna kanuni. Msafiri wa kawaida mwisho dola 5, yaani senti 500. Kilo moja na nusu ya shaba. Unataka kumponza mwenzio kwa sufuria moja ya ubwabwa.

#34 Asumani_Nakuru

Boss wa Ohio, nisaidie. Shosho aliniachia moja ya 1943, lakini yangu ni nyekundu ya shaba. Kuna mtu Instagramu ananiambia ni ya mamilioni. Mjomba wangu alikuwa mwanamaji, alitoka nayo Norfolk, Marekani.

#35 Boksi_la_Ohio

Kaka, kabla hujaota, sumaku. Mimi nimeshapona.

#36 Dada_wa_Lowell

Asumani, za shaba za 1943 zipo kweli, vipande vichache vya shaba vilibaki kwenye mitambo wakati wanahamia chuma. Moja iliuzwa mnadani 2019 kwa dola 204,000. Sasa za bandia: aina ya kwanza ni chuma kilichopakwa shaba, sumaku itakuumbua. Aina ya pili ni ya 1948 iliyokwanguliwa upande wa kushoto wa 8 ibaki kama 3. Linganisha mkia wa hiyo 3 na ule wa 1943 ya chuma, ya kweli inashuka mbali chini ya tarakimu nyingine.

#37 Asumani_Nakuru

Imenasa sumaku.

#38 Kidomodomo

Pole. Karibu chama cha waliopona.

#39 Asumani_Nakuru

Si neno. Ila ninazo ndururu za kwetu nyingi, zile za tundu. Moja ya senti kumi imeandikwa EDWARDVS VIII, 1936. Hiyo je? Huyo mfalme si alikimbilia mapenzi?

#40 BintiMakunduchi

Ndururu ni senti tano, kaka. Senti kumi bibi yangu alikuwa anaiita peni.

#41 Mchumi_wa_Mtaa

Edward wa Nane!! Hiyo ni mamilioni, alitawala chini ya mwaka, sarafu zake hazipo duniani!

#42 MzeeWaSumni

Mchumi, punguza. Sarafu zake za Uingereza ndizo hazikuingia mtaani, kwa sababu aliachia ufalme Desemba 1936 kabla hazijatolewa. Lakini za kwetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, tundu limekaa pale ambapo kichwa kingekaa. Basi Birmingham waligonga mapema na meli zikaleta. Afrika Mashariki zimejaa. Za Edward unazipata kwa bei ya soda. Asumani, angalia kama kuna H au KN. H ni Heaton, KN ni King's Norton, viwanda vya Birmingham vyote viwili. Ni kama D na S za Boksi.

Watu wanakimbilia za Wamarekani wakati mikebe ya nyumbani inatobolewa misumari. Namsema #11.

#43 Kipepeo_Mweusi

Mzee, nilikuwa na miaka tisa!

#44 Tabora_Boi

Boksi katuorodheshea za 1944 nne. Nasikia hizo zilitengenezwa kwa maganda ya risasi za vita. Kama ndivyo, Tabora tuliwatangulia. 1916 Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari na meli za Waingereza, hela hazifiki, wakagonga heller 20 na heller 5 kwa shaba chakavu, maganda ya mizinga yakiwemo, kwenye mitambo ya reli. Zina herufi T. Zimepinda, zimechakaa, lakini zina damu.

#45 Dada_wa_Lowell

Tabora, za 1944 hadi 1946 ni shaba na zinki bila bati, na maganda yalichangia. Ila wapo wanaosema mchango wenyewe ulikuwa mdogo, zaidi ilikuwa hadithi ya kuwapa watu moyo. Nimesoma pande zote mbili, sijui nikae wapi.

#46 BintiMakunduchi

Bibi yangu aliniachia pesa moja ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, ina mizani upande mmoja. Niliona imekuwa nyeusi nikaisugua kwa ndimu na jivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nikaipeleka kwa mnunuzi mmoja mjini. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza, "Umeipika?"

#47 MzeeWaSumni

Inna lillahi.

#48 Dada_wa_Lowell

Usisafishe sarafu. Usisafishe. Boksi, nawe usizitie kwenye soda hata mtandao wakikushauri. Weusi ule ndio umri wake.

#49 Boksi_la_Ohio

Nimechelewa kidogo, dada. Nilizitia mbili kwenye siki jana usiku. Siyo ile ya 1919!

#50 Ngano_Hanang

Swali la mtu asiyejua: mbona Lincoln anaangalia kulia na wengine kwenye sarafu zao wanaangalia kushoto?

#51 Kidomodomo

Anaangalia aliko Boksi anavyopekua.

#52 Tabora_Boi

Niliambiwa na mwalimu wangu kwamba ni kwa sababu aliwageuzia mgongo watu wa Kusini.

#53 MzeeWaSumni

Hadithi nzuri, ila senti yenyewe ilitokana na sanamu bapa ambayo Brenner alishaichonga kabla, na pale alikuwa tayari anaangalia kulia.

#54 Boksi_la_Ohio

Wakuu, mrejesho. Leo nimerudi tawi lilelile. Nimemuuliza dada wa kaunta boksi lile lilitoka wapi, akasema linakuja na gari la fedha kila wiki, yeye hajui zaidi. Nikaomba lingine. Akasema hawana, labda Alhamisi. Nilipokuwa naondoka mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni, mkononi ana kopo la kahawa limejaa senti, akaniuliza kama nimesikia mashine yao ya kuhesabu imeharibika.

#55 Fundi_Mashine_Dom

Ulimwona mwenye chupa ukamwacha aondoke??

#56 Mhasibu_Mstaafu

Kopo la wiki hii haliwezi kuwa boksi la wiki iliyopita.

#57 Kipepeo_Mweusi

Alikuwa na mjukuu?

#58 Boksi_la_Ohio

Nilikuwa nawahi zamu. Nilimpa pole ya mashine nikaondoka. Sasa hivi ndiyo naumia.

#59 Ngano_Hanang

Boksi, baba yangu alizaliwa 1957. Kama una ya mwaka huo ya ziada, na ngano ndiyo iliyotusomesha, ningependa awe nayo mezani kwake. Gharama ya posta juu yangu.

#60 Boksi_la_Ohio

Ninazo tatu. Nitumie anwani kwenye ujumbe wa faragha. Posta niachie mimi, mpe mzee shikamoo.

#61 Kidomodomo

Na mimi baba yangu ni wa 1909, San Francisco.

#62 MzeeWaSumni

Mwambie ana nafasi yake kwenye folda langu.

#63 Boksi_la_Ohio

Alhamisi nipo benki saa tatu kamili.